Umuganuro: Sherehe ya Mtama Iliyobaki Katika Lugha

Utangulizi

Kila jamii ya wakulima ina siku yake kubwa katika mwaka. Wengine huiweka wakati wa kupanda, wengine wakati wa kuvuna, na wengine hufuata mwendo wa jua. Katika makala haya tunakusudia kuieleza siku kubwa ya Burundi ya kale, yaani Umuganuro, sherehe ya mtama. Tutaeleza ilivyokuwa, ilivyokoma, na kwa nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunahusika nayo. Hoja yetu ni kwamba sherehe inaweza kukomeshwa, lakini maneno yake hayakomi siku hiyo hiyo. Mtu akitaka kuijua leo, ataanzia kwenye maneno.

Neno lenyewe

Jina Umuganuro linatokana na kitenzi cha Kirundi 'kuganura', yaani kula kwa mara ya kwanza mazao mapya. Wanafunzi wetu huuliza mara nyingi kama Kiswahili kina neno la namna hiyo. Kinalo. Ni 'kulimbuka', na mazao hayo ya kwanza huitwa 'limbuko' au 'malimbuko'. Wengi wamelikuta neno hili katika Biblia wakadhani ni la kanisani tu. Sivyo. Ni neno la shambani, la watu waliojua kwamba chakula kipya hakiliwi ovyo kabla ya wakati wake.

Hapa inafaa kutoa tahadhari ndogo kwa wanaofasiri. Zao la Umuganuro ni 'amasaka', ambalo kwa Kiswahili ni mtama. Wako wanaolichanganya na 'uburo', ambao ni ulezi. Mazao haya mawili yana punje ndogo na yote hutengenezewa pombe, lakini mkulima wa Bukirasazi au wa Muyinga hawezi kuyachanganya hata siku moja. Mfasiri naye asiyachanganye.

Sherehe ilivyokuwa

Umuganuro uliadhimishwa kila mwaka mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekolea, katika makao ya mfalme (mwami) eneo la Muramvya. Mfalme alikula chakula cha mtama katika ibada maalumu, na kwa tendo hilo msimu wa kupanda mtama ukafunguliwa rasmi. Kwa hiyo, ingawa jina linataja kulimbuka, sherehe ya Burundi ilitazama mbele zaidi, kwenye mbegu inayokwenda ardhini. Kwa jirani zetu wa Rwanda, Umuganura ulikuwa hasa sherehe ya mavuno.

Siku hiyo ndipo ilipotolewa nje ngoma kuu ya ufalme, iliyoitwa Karyenda. Ngoma hii haikuwa ya kuchezewa. Ilikuwa alama ya ufalme wenyewe, na alikuwako mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, akiitwa Mukakaryenda, yaani mke wa Karyenda. Ngoma nyingine zilitunzwa na koo maalumu za wapigaji, abatimbo, katika vilima mbalimbali vya nchi. Mahali panapojulikana zaidi ni Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega, ambapo mapokeo yanasema palianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19 baada ya kumshinda chifu aliyemwasi. Huko zimetunzwa ngoma mbili zenye majina yake, Ruciteme na Murimirwa.

Katika Kirundi 'ingoma' ni ala ya kupigwa, na pia ni utawala. Kusema ngoma ya mfalme fulani ni kusema zama za enzi yake. Kiswahili kina 'ngoma' kwa maana ya ala, mchezo na sherehe. Maana ya utawala haimo katika neno lenyewe, lakini pwani nako ngoma na siwa zilikuwa alama za enzi. Ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Dunga, Unguja, ni ushahidi wa kutosha.

Namna ilivyokoma

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Burundi na Rwanda ziliwekwa chini ya Ubelgiji. Wamisionari waliiona sherehe ya mtama kuwa ibada ya kipagani, na watawala waliiona kuwa nguvu ya mfalme isiyopitia kwao. Huko Rwanda, mwaka 1925, Gashamura, mkuu wa watunza siri za ibada za kifalme, alipelekwa uhamishoni Burundi, na Umuganura ukakomeshwa. Burundi nayo iliadhimisha Umuganuro wa kifalme kwa mara ya mwisho mwaka 1929, chini ya Mwami Mwambutsa IV, aliyekuwa bado kijana. Baadaye, mwezi Novemba 1966, ufalme wenyewe ukafutwa.

Ni vizuri kulinganisha. Katika vijiji vya Austria, watu huwasha mioto milimani mwezi wa Juni jua linapofika kilele chake. Desturi hiyo ya kale Kanisa liliikuta, likaiunganisha na sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, na mioto inawaka hadi leo. Hapa kwetu Umuganuro haukubatizwa, uliachwa ufe. Tukitazama Makunduchi, Unguja, tunaona njia ya tatu. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika mwezi wa Julai, inaendelea: wanaume hupigana kwa mikungu ya migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba.

Kwa nini Mwaka Kogwa ukabaki na Umuganuro ukatoweka? Kwa maoni yetu, sababu moja kubwa ni mwenye sherehe. Mwaka Kogwa ni wa wanakijiji, na mgomba uko kwa kila mtu. Umuganuro ulikuwa umefungwa kwenye kiti kimoja. Aliyeweza kukibana kiti hicho aliweza kuifunga sherehe ya nchi nzima.

Kilichobaki

Hata hivyo, si kila kitu kilipotea. Ngoma zilibaki. Wapigaji wa Burundi walirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967, na mwaka 1975 mwanamuziki Joni Mitchell akatumia rekodi ya ngoma hizo katika wimbo wake. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nchini Rwanda, Umuganura ulirudishwa kama sherehe ya taifa mwaka 2011, Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Aidha, yamebaki maneno, nayo yanasema mengi. Mwezi Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliagiza kwamba wanawake wasipige ngoma hizi, na kwamba maonyesho yaombewe kibali. Waliotetea amri hiyo walitaja mila, na ni kweli kwamba abatimbo wa kale walikuwa wanaume. Lakini tuyasikilize majina ya sehemu za ngoma. Ngozi yake ni 'icahi', jina la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Kuna 'urugori', taji la mwanamke aliyezaa. Kuna 'amabere', yaani matiti ya mama, na 'umukondo', yaani kitovu. Ngoma nzima imeitwa kwa mwili wa mama. Hatusemi kwamba maneno haya yanamaliza mjadala. Tunasema kwamba anayetaja mila anapaswa kuzitaja zote, na lugha ni shahidi ambaye hakuitwa.

Hitimisho

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Sisi tungeongeza kwamba asiyejua maneno ya mila hawezi hata kujua ameacha nini. Tunawashauri walimu wawape wanafunzi kazi ya likizo iliyo rahisi: kila mmoja awaulize wazee wa kilima chake maneno yote ya mtama, tangu kulima, kupanda na kupalilia hadi kuvuna, kupura, kupepeta na kusaga, kisha aandike Kirundi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Wa Bukirasazi wataleta yao, wa Muyinga yao, na tofauti zitakuwa somo. Pale ambapo safu ya Kiswahili itakuwa tupu, tusikimbilie kubuni neno. Tuulize kwanza kwa wakulima wa Kigoma, Dodoma na Singida, ambao nao wanaujua mtama. Kazi hii haingoji sana, kwa sababu wazee wenye maneno hayo wanapungua kila mwaka.