Chumba Hupimwa kwa Boriti

Ukikaa kijiweni na vijana wa Kilwa Masoko au wa Lindi mjini, hutakosa kulisikia swali hili: mtu mwenye mfuko mwembamba aungeje kompyuta yake mwenyewe ya kuchezea gemu? Hapo ndipo ubishi huanza. Huyu atakutajia kadi ya picha, yule prosesa, mwingine keisi yenye taa za rangi rangi kama harusi. Kila mmoja anaanza na kile kinachong'aa. Makala haya yanataka kuanza kwingine, ndugu msomaji, yaani kwenye historia ya pwani hii hii. Swali la kuchagua vipuri kwa fedha kidogo ni la zamani kuliko kompyuta, na watu wa huku wamewahi kulijibu vizuri, na wamewahi pia kujibiwa vibaya na wageni.

Tuanze Kilwa Kisiwani. Ukiingia kwenye magofu ya nyumba za zamani pale, au kule Songo Mnara, utaona jambo la ajabu kidogo. Nyumba ni za kitajiri, kuta nene za matumbawe na chokaa, lakini vyumba ni vyembamba. Vinakwenda mbali kwa urefu, ila upana ni kama meta 2.5 hadi 3 tu. Kwa nini? Walikosa mawe? Hasha. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali, wala haibebi dari nzito ikirefushwa mno. Basi fundi hakuanza na ukubwa wa chumba alichokiota mwenye nyumba. Alianza na boriti. Kuta, milango na mapambo vilifuata baadaye. Chumba kilipimwa kwa boriti.

Naye mkubwa aliyejenga kupita kiasi alikuwepo. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alianza jumba la Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Wataalamu waliolichunguza wanaona kwamba halikumalizika. Ukubwa wake unashangaza hadi leo, lakini nyumba za kawaida za wafanyabiashara ndizo zilizokamilika na kukaliwa. Hilo ni somo la kwanza la bajeti: afadhali chombo kidogo kilichokamilika kuliko kikubwa kilichobaki nusu, keisi ya bei mbaya ikisubiri kadi ambayo haitanunuliwa kamwe.

Somo la pili liko bara kidogo, Nachingwea, na hili ni chungu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga katika Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na fedha hazikuwa shida. Shida ilikuwa mashine. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, basi yakanunuliwa yale yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kumbe bwana, pori la huku si mchezo! Mizizi, miti migumu, na udongo ambao kule Kongwa hukauka kiangazi ukawa kama saruji. Mashine zikavunjika, vipuri viko mbali, mafundi hawatoshi. Kusini ikajengewa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuonekana. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, karibu pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya sitini.

Watu wengi hudhani mradi ule ulishindwa kwa sababu vitu vyake vilikuwa vya mtumba. Sivyo. Ulishindwa kwa sababu mashine zilichaguliwa bila kuuliza zinakwenda kufanya kazi wapi. Mtumba uliokaguliwa na kulingana na mahali pake ni mali. Mtumba ulionunuliwa kwa macho tu ni kasheshe.

Sasa tuje kwenye kompyuta yenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini kwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilizokabidhiwa mashine hizo zilivurugika, gharama za fedha za kigeni zikapanda, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mwaka huo huo wa 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, baharini hapo hapo Kilwa. Hebu fikiria: nishati ambayo ingekuja kuziwasha kompyuta za Dar es Salaam iligunduliwa katika mwaka ule ule kompyuta zilipofungiwa mlango! Marufuku ilikuja kulegea kidogo kidogo, na gesi ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar mwaka 2004.

Wakati sisi tumefungiwa mlango, huko nje mambo yalibadilika. Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo. Kwa kuwa ilikuwa na haraka, ilinunua vipande kwa wengine: prosesa ya Intel, programu ya Microsoft. Kampuni nyingine zikaona kwamba chombo kinachoungwa kwa vipande vya dukani mtu yeyote anaweza kukiunga. Compaq ikatoa ya kwake kufikia 1983, na wengine wakamiminika. Mwaka 1995 Intel ikaweka kipimo kiitwacho ATX, kinachosema matundu ya skrubu yakae wapi na pawasaplai iwe na umbo gani. Ndiyo maana leo madabodi ya kampuni moja inaingia kwenye keisi ya kampuni nyingine. Na mwaka huo huo wa 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mafundi wa zamani wa huku wangeielewa ATX mara moja: ni makubaliano juu ya vipimo, kama boriti.

Basi boriti ya kompyuta ya kijana wa Kilwa ni ipi? Nasema ni umeme. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo yake zenyewe, na kila mwenye friji anajua umeme unaopanda na kushuka unafanya nini. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye pawasaplai nzuri, yenye jina linalojulikana, na inayofuata iende kwenye stebilaiza au UPS. Pawasaplai ya bei poa ikifa, haifi peke yake. Huzika na madabodi. Lakini hicho ndicho kipande ambacho wengi hununua mwisho, kwa chenji iliyobaki.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile za Dell au HP zinazopatikana Kariakoo, kisha kuiongezea kadi ya picha. Hapo angalia boriti tena. Nyingi zina pawasaplai ndogo, tena ya umbo lake lenyewe lisilofuata ATX, na zile nyembamba hazipokei kadi ya urefu wa kawaida. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75, si zaidi. Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na hizo, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019, katika toleo lisilohitaji waya wa ziada. Mshikaji atakayekuuzia kadi kubwa ya kuweka humo anakuuzia trekta la Ufilipino.

Ukitaka kuunga mwenyewe kuanzia mwanzo, ziko prosesa zenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Hizo hukuruhusu kuanza bila kadi na kuiongeza msimu ujao, ufuta au korosho zikilipa. Lakini prosesa hizo huazima memori ya kompyuta kwa kazi ya picha, basi nunua RAM vipande viwili vinavyofanana, usinunue kimoja kikubwa. Tofauti utaiona kwa macho. Soketi yake ya AM4 ilipokea prosesa kuanzia miaka ya 2016 na 2017 na kuendelea kwa miaka mingi, hivyo madabodi moja yaweza kukaa muda mrefu. Na diski iwe SSD, hata ndogo. Haiongezi picha kwenye gemu, ila inakuondolea kungoja.

Kuhusu kadi za mtumba, kumbuka tarehe 15 Septemba 2022. Siku hiyo sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi zilizokuwa zikikesha kazini zikamwagwa sokoni dunia nzima. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake zimechoka. Ichezeshwe mbele yako nusu saa nzima, tena gemu zito, kabla hujatoa pesa. Nayo Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisini zenye prosesa za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma hazikubaliwi na Windows 11. Ukiuziwa hiyo, bei ishuke.

Halafu kuna mambo ambayo video za Wazungu hazitakwambia. Chumvi ya bahari hula miguu ya RAM na kadi, basi usiweke mashine dirishani kwenye upepo wa pwani, na ifungue kuisafisha mara kwa mara. Tena kuna njia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa Lindi alisubiri pantoni ya Ndundu kuuvuka Rufiji. Leo basi linapita, ila Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ile ile. Kipuri chenye hitilafu kurudishwa Kariakoo ni nauli na siku. Kwa hiyo kwetu sisi kipuri kinachofahamika na fundi wa jirani kina thamani kuliko kipya kisichojulikana na mtu.

Mwaka 1947 mashine zilichaguliwa London kwa ajili ya Nachingwea. Mwaka 1974 ziliamuliwa Dar es Salaam kwa ajili ya nchi nzima. Leo hakuna anayekuchagulia, labda muuza duka na tangazo lake. Kijana anayeijua mashine yake hadi skrubu ya mwisho ataitumia kwa gemu usiku, na mchana ataandikia hadithi, atachorea katuni, atamtengenezea jirani ya kwake na kulipwa. Asiyeijua atabaki mteja tu. Chukua karatasi, andika kwanza umeme wako ukoje, fundi wako ni nani, na msimu utakupa kiasi gani. Hizo ndizo boriti zako. Ukishazilaza, pima chumba.