Jioni Mazembe walipowafunga Wabrazili

Ukipita jioni kwenye kiwanja kidogo karibu na vibanda vya wakimbizi hapa Kirolirwe, utakuta watoto wanacheza mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. Timu ikifunga bao, kipa wake aliye upande wa pili anakaa chini, ananyoosha miguu mbele na kuruka-ruka kwa matako mpaka kaptula inajaa udongo. Juzi nilimwuliza mmoja nani alimfundisha. Akanijibu: "Kipa anafurahi hivi." Jina la Kidiaba hajawahi kulisikia. Ana miaka kama tisa, na mambo ninayotaka kueleza yalitokea kabla hajazaliwa.

Tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 2000, fainali ilikuwa mali ya timu za Ulaya na Amerika ya Kusini peke yake. Internacional walikuwa mabingwa wa Amerika ya Kusini, na mwaka 2006 walikuwa wameshalichukua kombe hilo kwa kuifunga Barcelona. Mashabiki wao walivuka bahari kwa maelfu. Hawakuja kwa ajili ya Mazembe. Walikuja kuona fainali yao na Inter Milan.

Pale wanapoegesha pikipiki, wazee wetu bado wanabishana. Wengine wanasema ilikuwa dawa, wengine wanasema ni muujiza wa Mungu. Mimi sikubali. Kwa Mungu sina neno, lakini ukisema muujiza unawanyang'anya wale vijana kazi yao.

Kwanza tusidanganyane: hapa Kongo Mazembe si timu ya kuonewa huruma. Muulize shabiki yeyote wa Virunga kule Goma. Timu ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, ikachukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikakaa miaka 41 bila kulipata tena. Moïse Katumbi alipoishika aliweka pesa, na wachezaji wazuri wakaweza kubaki Lubumbashi badala ya kukimbilia benchi la timu fulani ndogo ya Ulaya. Mwaka 2009 kombe la Afrika likarudi. Lakini tajiri wa hapa kwetu akifika mbele ya Wabrazili ni maskini kama maskini wengine.

Na hilo walilijua, kwa sababu walikuwa wameshaaibika. Desemba 2009, katika mji uleule wa Abu Dhabi, Mazembe walifungwa 2 kwa 1 na Pohang ya Korea ya Kusini, kisha 3 kwa 2 na Auckland City ya New Zealand. Watu wengi wanaosimulia ushindi wa 2010 wanauruka mwaka huo. Kwangu mimi ndio mwanzo wa habari yote. Kikosi hakikuvunjwa. Kilirudi nyumbani, kikapata kocha Msenegali, Lamine N'Diaye, na mwaka uliofuata kikaifunga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 pale Lubumbashi katika fainali ya Afrika.

Halafu ikaja shida nyingine. Trésor Mputu, mchezaji wao mkubwa kuliko wote, alifungiwa na FIFA miezi 12 kwa sababu ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika mashindano ya Kagame huko Kigali. Mazembe wakaenda Abu Dhabi bila yeye. Tarehe 10 Desemba wakaitoa Pachuca ya Meksiko kwa bao moja la Bedi. Zikabaki siku nne.

Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Tulijibana watu kama ishirini kwenye nyumba moja ya mbao, kwa radio moja. Wakati wa mapumziko mwenye nyumba aliizima ili betri zisiishe, nasi tukakaa gizani. Mle ndani kulikuwa na watu ambao sokoni hawakusalimiana. Kipindi cha kwanza kilikuwa ni jina moja tu: Kidiaba, Kidiaba, Kidiaba. Alikuwa na miaka 34, akizuia kwa mikono, kwa miguu, kwa kifua. Dakika ya 53 Kabangu akaupokea mpira, akaupiga ukapinda mpaka kona ya mbali. Dakika ya 85 Kaluyituka akamchezesha beki, akapiga chini, ukaingia. Nyumba nzima ikawa nje. Nilikumbatiwa na mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani.

Fainali ilikuwa tarehe 18. Inter Milan walishinda 3 kwa 0: Pandev, Eto'o, Biabiany. Kufungwa na Eto'o, Mwafrika mwenzetu, kuliuma kwa namna yake.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo wazee hawawaelezi watoto. Mwamuzi wa fainali alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Kule Lubumbashi mashabiki wenye hasira walisema ameiba mechi, wakamdhania Mchina, wakashambulia maduka ya Wachina. Watu waliokuwa wanauza bidhaa zao walilipizwa kwa ajili ya sura ya mtu mwingine, wa nchi nyingine. Habari hiyo ilipotufikia, kijana mmoja aliuliza: sasa Mjapani na Mchina wanatofautishwa namna gani? Watu wakacheka. Mwenye nyumba akasema kwamba hapa Masisi swali kama hilo limekwisha kuua watu. Kicheko kikaisha.

Baada ya Mazembe wengine wakapita njia hiyo: Raja Casablanca mwaka 2013, Kashima ya Japani mwaka 2016, Al Ain ya Falme za Kiarabu mwaka 2018. Nao wakafika fainali, nao wakafungwa. Ila wa kwanza walitoka Kongo, na mabao yote mawili ya nusu fainali yalifungwa na Wakongomani. Kidiaba alikuwa bado golini mwaka 2015, Leopards walipochukua nafasi ya tatu ya Afrika kule Ginea ya Ikweta. Wakati huo alikuwa ametimiza miaka 39.

Jana nilimwonyesha yule mtoto video kwenye simu yangu. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu, akasema huyo baba haruki juu vya kutosha.