Chembe T za kutuliza: PM wa ndani ya mwili

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, zinapiga mikrobu. Zingine zinakosea, zinageukia mwili wenyewe. Hapo njo kazi ya chembe T za kutuliza, kama PM katika jeshi: zinazinyang'anya kemikali ya kuzichochea, zinatoa ingine ya kuzipoza, uvimbe unashuka. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995 kwenye panya. Alipata Nobel 2025 pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliopata jeni inayoziongoza, FOXP3.

Jeni hiyo ikiharibika, mtoto wa kiume anashambuliwa utumbo, ngozi na kongosho tangu uchanga. Kisukari ya watoto nayo, mara nyingi, ni askari hao wanaoharibu kongosho. Siyo sumu, siyo kulogwa. Akikosa insulini siku chache tu, mtoto anaweza kufa.