Bibi Zetu Walipanda: Baskeli, Vilima vya Pemba na Mahari ya Mwari Wetu



Wiki chache kabla ya harusi ya mwari wetu mmoja huku Pemba, tulikaa ukumbini na wazee kupanga mambo. Kilemba cha baba kilishasemwa, mkaja wa mama ulishasemwa, kitanda na kabati vilishakubaliwa. Ndipo mwari aliponong'ona kwamba angependa aletewe na baskeli ya kike. Anasomesha skuli iliyo vilima viwili kutoka nyumba atakayohamia, na gari za abiria kwenye njia ile hupita kwa kubahatisha.

Shangazi yake akaweka kikombe chini. "Mwanangu, bibi zako hawakupanda. Si mila yetu, na si heshima ya mwanamke wa Kiislamu."

Hatukubishana naye. Shangazi ni mtu mzima, na neno la mtu mzima halijibiwi kwa papara. Lakini tulirudi nyumbani na swali moja: ni kweli bibi zetu hawakupanda? Makala hii ndiyo jibu letu. Mambo ya hukumu waulize mashekhe wako. Sisi hapa tunaandika historia.

Tuanze na njia yenyewe. Aliyewahi kutoka Chake Chake kwenda Wete asubuhi mapema anajua tunachosema. Njia inapanda, inashuka, inapinda, halafu inapanda tena. Huku mikarafuu, huku minazi, na chini bondeni mpunga. Unaweza kwenda muda mrefu usikutane na kitu ila gari la ng'ombe, watoto wa skuli na mzee anayetoka kuswali. Ukifika juu ya kilima, mara nyingine unaona hori la bahari limeingia mpaka katikati ya miti. Vilima vyetu si milima. Hakuna hata kimoja kinachofika mita 150. Lakini ni vingi na vinafuatana, na mguu unavijua.

Utulivu huu una sababu zake. Mwambao wa magharibi wa Pemba umekatwakatwa na mahori, na miji yetu mikubwa mitatu, Mkoani, Chake Chake na Wete, yote imekaa upande huo, penye bandari. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shina la karafuu za Zanzibar. Karafuu zilishuka kutoka vilimani kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, zikafika pwani, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Bidhaa ilikimbilia baharini, kwa hiyo njia za ndani zilikuwa za miguu kwa muda mrefu. Hata leo, ukilinganisha na Unguja yenye mahoteli na magari yake, barabara zetu nyingi bado ni za kupumua.

Na nani alizipita njia hizo za miguu? Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Msimu wa karafuu ulipofika, mwanamke alitoka alfajiri na pakacha lake, akachuma matawi ya chini, akarudi akakaa mkekani kuchambua karafuu na makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi. Malipo yalihesabiwa kwa pishi. Alikwenda kwa mguu kilima kwa kilima, na hakuna aliyesema amekosa heshima kwa kuwa yuko njiani. Basi kutoka nyumbani na kushika njia hakukuwa jambo geni kwa bibi zetu.

Tuje kwenye kupanda. Hapa tunaye shahidi anayejulikana dunia nzima: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Maisha yake ya baadaye yalichukua njia nyingine, na kila mmoja wetu ana maoni yake juu ya hilo. Lakini kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, zinatueleza utoto wa mabinti wa nyumba ile. Walifundishwa kupanda wanyama tangu wangali wadogo sana, wasichana kwa wavulana. Wakishajua vizuri, wavulana walipewa farasi na wasichana wakapewa punda weupe wa Maskati, waliopambwa kwa fahari. Hii ilikuwa nyumba ya Sultani, nyumba ya Kiislamu iliyochunga stara kuliko nyumba nyingi za siku zile. Stara ilichungwa, na binti akapanda punda wake.

Tukirudi nyuma zaidi, tunafika kwenye jambo ambalo wengi wetu tumelisikia darsani bila kulitafakari. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), ambamo Mtume wetu (s.a.w.) aliwasifu wanawake wema wa Kikureshi. Aliwataja kuwa ni wabora wa wanawake waliopanda ngamia, kisha akataja huruma yao kwa watoto wadogo na ulinzi wao wa mali ya waume. Tazama yalivyokaa pamoja mambo matatu katika sifa moja: kipando, mtoto na nyumba. Mwanamke aliyepanda ngamia jangwani hakuonekana kuwa ameikimbia nyumba yake.

Basi tatizo la baskeli lilitoka wapi, kama punda na ngamia havikuwa tatizo?

Baskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili sawa na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo, na safari ikawa laini. Wanawake wa Ulaya na Marekani wakaipenda mara moja. Na unajua waliambiwa nini? Kwamba si heshima. Kwamba itawaharibu tabia. Wapo hata madaktari walioonya kwamba mwanamke akipanda baskeli uso wake utakakamaa na kuharibika! Maneno ya Shangazi, dada zetu, yalisemwa kwa Kiingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na waliosema hawakuwa Waislamu. Mafundi nao wakajibu kwa busara: wakakiondoa kile chuma cha juu kinachokwenda kutoka kwenye kiti mpaka mbele, wakakishusha chini, ili mwenye nguo ndefu apande bila kunyanyua mguu. Wakaweka na kifuniko cha cheni ili nguo isinaswe. Ndiyo hiyo tunayoiita baskeli ya kike. Tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke mwenye nguo ndefu.

Ilipofika visiwani kwetu, baskeli ilikuja kwa mlango wa mshahara. Aliyeweza kununua Raleigh ya Kiingereza alikuwa karani, mwalimu au mfanyabiashara, na miaka ile hao karibu wote walikuwa wanaume. Baadaye zikaja za Kichina, Phoenix na nyenginezo, zikawafikia wavuvi na wakulima. Lakini nyumba ilikuwa na baskeli moja, na mwenye nayo alikuwa baba. Mama alipanda nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja, mtoto kifuani, ncha ya buibui ameishika kwa meno. Miaka ikapita, na kile kilichosababishwa na uhaba wa fedha kikaanza kuitwa mila. Wengi wetu tulikua tukidhani dini ndiyo iliyomweka mama nyuma, kumbe ilikuwa bei.

Tunaona jinsi jambo hilo linavyogeuka fedha zikigeuka. Kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaenea mpaka Pemba, waliokishika zaidi walikuwa wanawake. Mwanamke akapata fedha yake mwenyewe kutoka baharini, akaezeka bati, akalipia watoto skuli. Fedha ikishakuwa mkononi mwake, na swali la chombo cha kwendea linakuwa lake.

Hatutaki kukupamba maneno matupu. Vilima vya Pemba vinachosha, na si aibu kushuka na kusukuma. Breki lazima ziwe nzima, maana mteremko wa baada ya mvua haumwonei mtu huruma. Msimu wa karafuu magari ya mizigo huzidi, na pembezoni mwa barabara yameanikwa majamvi ya watu; ukikanyaga karafuu za mtu umekanyaga ada ya skuli ya mwanawe. Buibui livaliwe la kukaa vizuri, chini yake suruali pana, na ushungi ubanwe kwa pini mbili. Nenda na mwenzio, na muage mama.

Ukishayafanya hayo, kisiwa kinakufungukia. Kutoka Konde unaingia msitu wa Ngezi, baridi inakugusa, na ukibahatika unamwona popo wa Pemba amening'inia juu ya mti. Ukiendelea unatokea kwenye mwanga wa Vumawimbi, kisha Ras Kigomasha na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1900. Wageni hulipa nauli ya ndege kuja kuipanda njia hii. Binti aliyezaliwa kilomita chache tu kutoka hapo huenda hajawahi kuifika.

Tulirudi kwa Shangazi siku ya tatu, na halua ya Wete mkononi. Tukamsimulia punda weupe wa Mtoni na ngamia wa Makureshi. Alisikiliza kimya. Kisha akacheka kidogo akasema, "Mimi huyu mama yenu nilimzaa baada ya kupelekwa hospitali juu ya keria, usiku, mlima mzima. Marehemu alikuwa akisukuma na huku analia." Akanyamaza, halafu akauliza, "Hiyo ya kike, ina breki mbili?"

Baskeli haikuandikwa katika mahari. Posa ilikwishakamilika, na mwari hakutaka kumwongezea mchumba mzigo. Lakini mahari, kama tunavyosoma katika Suratun-Nisaa aya ya 4, ni ya mke mwenyewe. Si ya baba, si ya mjomba, na mume hali ndani yake ila kwa ridhaa yake. Siku ya saba baada ya harusi alikwenda dukani Chake na fedha zake, akanunua nyekundu, yenye kikapu mbele.

Kwa hiyo mwari unayesoma hapa, ukiambiwa bibi zako hawakupanda, jibu kwa adabu. Walipanda. Walipanda walichokuwa nacho. Mwenyezi Mungu akujaalie ndoa yenye utulivu, na njia yenye usalama. Amin.