Mwalimu Aliyezidi Kuwa Mwanafunzi

Wako watu wanaodhani ya kuwa mtu akiisha kuwekwa juu ya shule, kujifunza kwake kumekwisha. Na tutazame habari za James Aggrey. Alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, nchi ya Gold Coast, iitwayo sasa Ghana. Mwaka 1898 alivuka bahari kwenda Marekani, akasoma katika Chuo cha Livingstone, chuo cha Kikristo cha watu weusi, akapata shahada mwaka 1902. Akafanywa mwalimu papo hapo, tena mchungaji. Lakini hakutosheka. Ijapokuwa alikuwa na mke na watoto wa kulisha, aliketi tena darasani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hata akapata shahada ya pili, M.A.

Elimu hiyo hakuifanya pambo. Mwaka 1924 alizuru Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na tume ya Phelps-Stokes, kuchunguza shule; kisha akawa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa Chuo cha Achimota, kwao. Alifariki Julai 1927 huko New York, akiwa amerudia masomo.

Basi, wazee wa shule, mwalimu wenu akiomba ruhusa kwenda kusoma, msiseme anaikimbia shule. Huenda anakwenda kuwatekea watoto wenu maji mapya.