Mavazi na Umri wa Mwanamke katika Bonde la Rufiji

Mwanamke wa Rufiji hupokelewa duniani kwa khanga, hubebwa mgongoni kwa khanga, hutolewa mwali akiwa amefunikwa khanga, na huzeeka na khanga kifuani. Kwa hiyo swali la kama kuna mavazi yenye mwisho wa umri, mavazi ambayo msichana huvaa kwa raha na mama mtu mzima akiyavaa huambiwa anajitia usichana, lina historia yake bondeni humo, katika mji mdogo wa Ikwiriri na vijiji vya jirani. Umri haukukosekana kamwe katika mavazi ya bonde hili, ila haukuhesabiwa kwa miaka. Ulihesabiwa kwa hatua: mtoto, mwali, mke, mama, mjane, bibi. Hesabu ya miaka iliingia baadaye, ikifuatana na nguo ya kushonwa.

Pwani ya kusini ilijua pamba zamani sana. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Hata hivyo, nguo nyingi zilizovaliwa Rufiji katika karne ya 19 zilitoka ng'ambo. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, na watu wakakiita merikani kwa kuwa kimetoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay vilishika nafasi. Pamoja na merikani ilikuwepo kaniki, nguo ya pamba iliyochovywa katika nili hadi ikawa nyeusi ya kuelekea buluu.

Kaniki ilisema hali ya mtu kuliko umri wake. Katika miji ya pwani ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mkulima maskini, na mwanamke wa kitumwa aliivaa akiwa binti na akaivaa akiwa kizee, kwani hakuna aliyempa nyingine. Mabibi wa kiungwana walikuwa na hariri, ukaya na barakoa. Bonde la Rufiji, kwa Wandengereko wa upande wa Kibiti, Wanyagatwa wa delta, na Wamatumbi na Wangindo walioingia kutoka kusini, lilikuwa nchi ya wakulima wa mpunga. Nguo ya kazi ya huko haikuweza kuwa ya fahari. Mwanamke aliyesimama katika maji ya shamba la mpunga alijifunga kaniki au merikani kukuu, awe na miaka 15 au 60.

Uhaba wa nguo uliongezwa na siasa. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kuanzia 1902 ikalazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika vijiji vya kusini. Shule ya pamba ikaanzishwa Mpanganya, katika bonde lenyewe la Rufiji. Watu walilima pamba wasiyoivaa, kwa ujira mdogo mno. Mwezi Julai 1905 miche ya pamba iling'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina yalikuwa yametoka kwa Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliharibu vijiji vingi. Wanawake waliorudi katika majivu ya nyumba zao hawakuwa na nafasi ya kuuliza nguo ipi inamfaa nani, na katika historia ya mavazi ya kusini miaka hiyo inapaswa kukumbukwa kwanza kama miaka ya uchi wa kulazimishwa.

Khanga ilikuwa imeshazaliwa wakati huo. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa jora, wakazikata sita sita na kuziunga, tatu juu na tatu chini, hata ikapatikana nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona soko, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa, na madoadoa ya zile za mwanzo yakaipa jina la ndege kanga. Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na kwake ndiko watu wengi wanakohesabu mwanzo wa kuandika maneno katika mji wa khanga, yaani sehemu yake ya katikati, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Kule Unguja, ambako utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliivua kaniki na kuvaa khanga kama tangazo la uhuru. Bara, ambako sheria ya kukomesha utumwa ilikuja mwaka 1922, khanga ilienea kwa majahazi na kwa maduka ya Wahindi hadi vituo vya mto kama Mohoro na Utete.

Kilichoipa nguvu ni kwamba haina kipimo cha mwili. Doti ni khanga mbili zilizoungana, kila moja ikiwa na upana wa takribani mita moja na nusu. Hukatwa katikati, hupindwa kingo, basi. Haijui aliyenenepa na aliyekonda, wala aliyezaa na ambaye hajazaa. Umri ulihamia katika namna ya kujifunga. Mke kijana hufunga moja kiunoni juu ya gauni, na ya pili huitupia kichwani au mabegani. Mwenye mtoto mchanga ya pili huifanya mbeleko. Bibi hujifunga kifuani, pindo likikunjwa na kubanwa chini ya kwapa, na katika ncha ya pindo kuna fundo dogo gumu. Akilifungua taratibu kwa kucha na meno hutoka sarafu mbili tatu, pengine na kipande cha tumbaku. Msichana aweza kufunga fundo kama hilo, lakini yeyote anayemwona mwanamke akilifungua kwa utulivu ule hujua ameshika fedha za nyumba kwa miaka mingi.

Hatua za maisha zilitambulishwa hadharani kwa nguo. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi, na siku ya kutolewa alivalishwa khanga mpya na kufunikwa uso. Katika sehemu nyingi za Pwani hubebwa mabegani huku wanawake wakimcheza. Kuanzia hapo hakutazamiwa kuvaa tena kama mtoto. Mpaka huo ndio wa kweli katika mila ya bonde, na ulikuwa mlango wa kuingilia utu uzima, haukuwa wa kutokea. Siku ya ndoa mama wa binti alipewa mkaja. Jina hilo ni la kitambaa ambacho mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua, na ingawa siku hizi hulipwa kwa fedha taslimu, bado ni nguo inayotajwa kama deni la uzazi. Shanga za kiunoni nazo zina safari yake: mtoto mchanga hufungwa uzi mmoja, mwali hufundishwa maana yake, mke huziongeza. Kwa kuwa zipo chini ya nguo, hakuna mpita njia anayeweza kumhukumu mwenye kuzivaa kwa umri wake.

Mjane ndiye aliyewekewa sheria kali kuliko wote. Kwa miezi minne na siku kumi za eda huacha nguo za urembo, hina, manukato na vito, awe na miaka 20 au 70. Kipindi hicho kikiisha hurudi katika rangi zake. Kwa uzee, hata hivyo, dini inayofuatwa na wengi Rufiji inaelekea upande ambao wengi hawautarajii. Aya ya 60 ya Suratun Nur inawapa nafuu wanawake waliokatika hedhi na wasiotaraji kuolewa: hawana dhambi wakiweka kando nguo zao za juu, mradi wasidhihirishe mapambo, ingawa kujizuia ni bora kwao. Hapo uzee unaondoa masharti badala ya kuyaongeza. Desturi za kijijini zinafanana na hilo. Kikongwe anayekaa ukumbini akisuka ukili wa mkeka, khanga imemteremka hadi kiunoni kwa joto la mchana, hakuna anayemkemea, na kijana akipita huinamisha macho na kumwamkia shikamoo. Binti wa miaka 18 akifanya hivyo, nyumba nzima itashtuka.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na cherehani. Gauni na blauzi zilivaliwa kwanza chini ya khanga, kisha katika miji zikaanza kuvaliwa peke yake. Nguo ya kushonwa hupimwa: kifua, kiuno, urefu wa goti. Mara mwili ulipopimwa, ukaanza kulinganishwa na mwili mwingine, na mshono ukawa na wakati wake. Msemo kwamba vazi fulani ni la kisichana ulipata mizizi hapa. Sare ya shule nayo ilichangia, hasa baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977: sketi fupi ikawa nguo ya mwanafunzi, na aliyeacha shule akaacha na sketi.

Mzozo mkubwa wa taifa juu ya jambo hili ulitokea mwishoni mwa miaka ya 1960. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana zikapigwa vita. Dar es Salaam kulitokea fujo, wasichana wakizomewa na kushambuliwa vituoni na ndani ya mabasi. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa, lakini walioumizwa walikuwa wanawake vijana waliokuwa na mishahara yao na waliojichagulia nguo. Nchini Uganda Idi Amin alipiga marufuku kimini kwa amri mwaka 1972. Sheria hizi zote zilimtazama msichana. Hakuna iliyojishughulisha na mama wa miaka 50, kana kwamba yeye alishahukumiwa nyumbani na hakuhitaji polisi.

Ikwiriri wakati huo ilikuwa na shida nyingine. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalisomba mashamba, na serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Watu waliokuwa wametawanyika kandokando ya mto wakajikuta wakiishi mlango kwa mlango, na nguo iliyokuwa ikionwa na ndugu wa shambani tu ikawa inaonwa na kijiji kizima. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 iliwafikia akina bibi pia. Aliyekuwa akimwomba mjukuu amsomee jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hajalipa, sasa aliweza kulisoma mwenyewe, na hilo lilikuwa la maana sana, maana jina ndilo linaloamua nani avae. Khanga yenye neno la kusifu mama inafaa kwa bibi harusi kumpa mzazi wake. Yenye kijembe cha wake wenza haipelekwi kwa mama mkwe.

Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilitoa khanga na vitenge vya nchini. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika. Khanga ikawa ya foleni na ya kugawana, na mama na binti walivaa doti moja kwa zamu. Kulegezwa kwa biashara katikati ya muongo huo kulileta mitumba, ambayo wengine waliiita kafa Ulaya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke wa kijijini kuchagua kutoka lundo lisilojua mila yoyote: suruali, kaptula, blauzi isiyo na mikono, vyote bei moja, vyote bila jina la kusomwa.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko cha Ndundu kikapumzika, mabasi ya Lindi na Mtwara yalipita Ikwiriri bila kungoja kivuko, na mitindo ya Kariakoo ikafika kwa saa chache. Vazi lililoshinda kuliko yote ni dera. Asili yake ni vazi la wanawake wa Kisomali. Ni pana, jepesi, halibani popote, na linavaliwa na binti wa sekondari, mama muuza samaki na nyanya yake, kila mmoja akilikunja pembeni apendavyo. Abaya na hijabu nazo zimeongezeka. Suruali ya kubana na taiti huvaliwa na wasichana, mara nyingi zikiwa zimefunikwa khanga wanapopita mbele ya wazee, na mama mtu mzima akizivaa husemwa. Katika yote yaliyoingia kwa miaka 100, hizo ndizo nguo chache ambazo zina ukomo wa umri machoni pa watu wa bonde, na sababu wanayoitoa ni stara na heshima kwa walio mbele ya mvaaji.

Katika shughuli ukomo huo hupotea kabisa. Wanawake wa kikundi huchanga, hununua doti za aina moja na kuwa sare: mwenye miaka 17 na mwenye miaka 80 katika rangi ile ile, jina lile lile, mmoja amempelekea fundi akamshonea gauni lenye mpasuo, mwingine amejifunga kifuani kama alivyofundishwa na kungwi wake. Bibi akifariki, khanga hutandikwa juu ya jeneza lake njiani kwenda makaburini. Zile zilizobaki sandukuni, zilizokunjwa na nyingine hazijapindwa bado, hutolewa baada ya msiba na kugawiwa mabinti na wajukuu, nao huzivaa.