Njumu kwenye Gitaa: Pembe, Lulumizi na Uzito wa Majina Yake

Anayesoma kurasa za michezo hukutana na neno njumu mara kwa mara, kwani mchezaji anayestaafu huelezwa kuwa ametundika njumu. Maana hiyo ya viatu vya soka ni changa. Katika Kiswahili cha pwani njumu ni pambo la fedha, shaba, pembe au lulumizi lililochimbiwa nafasi katika mbao, likapachikwa humo na kusuguliwa mpaka likawa sawa na uso wa mbao. Ndivyo vilivyopambwa viti na silaha za watu wenye hadhi. Kazi hiyohiyo hufanywa leo na fundi anayeunda gitaa kwa agizo la mteja, anapopachika nyota, ua au herufi za jina kwenye shingo ya ala au kuzunguka tundu la sauti. Neno linalokuja upesi kinywani, hata hivyo, ni nakshi, ambalo hubeba pia uchongaji na uchoraji. Tofauti kati ya kuchonga mbao na kupachika kitu kigeni ndani yake hupotea.

Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ina uzito nje ya kamusi. Njumu huingiza katika ala kitu kilichotoka kwingine: pembe ya mnyama, gamba la kiumbe wa bahari, mti wa nchi ya mbali. Anayechagua njumu huchagua pia njia ya biashara, na tangu miaka ya 1970 huchagua sheria itakayoiandama ala hiyo kila inapovuka mpaka.

Historia ya kiwanda cha Martin inatoa mfano ulio wazi. Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 mjini Markneukirchen, Saksonia, katika ukoo wa maseremala wa samani. Chama cha waunda fidla cha mji huo kilipinga maseremala kuunda magitaa, na mgogoro huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma Martin kuhamia New York mwaka 1833, kisha Nazareth, Pennsylvania. Wapinzani wake waliona useremala kuwa kasoro, lakini kwa upande wa mapambo ulikuwa mtaji: kupachika vipande vidogo vya mbao, pembe na kombe ni ufundi wa samani uliohamia kwenye gitaa. Pwani ya Afrika Mashariki nako njumu ilikaa kwenye samani. Viti vya enzi vya Lamu, Pate na Siyu viliundwa kwa mbao nyeusi na kupachikwa vipande vya pembe au mfupa kwa maumbo ya kijiometri. Jamii hizi mbili za mafundi hazikufundishana. Kilichoziunganisha ni malighafi.

Mwaka uleule wa 1833, tarehe 21 Septemba, Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta vitambaa vya pamba na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kiliacha alama katika lugha: hadi leo kinaitwa marekani. Pembe haikuacha alama ya Kiswahili huko ilikokwenda, ingawa iliacha alama ya aina nyingine, kwani mji mmoja wa Connecticut uliokuwa na viwanda vya kukata pembe hizo kwa ajili ya vibonyezo vya piano ulipewa jina Ivoryton, yaani mji wa pembe. Nyuma ya biashara hiyo walikuwapo wapagazi waliobeba pembe begani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wengi wao watu huru wa ujira, wengine watumwa. Wanahistoria wa muziki wanaposifu weupe wa pembo hizo za kale, safari hiyo ni nadra kutajwa.

Kwa Martin, pembe ilikuwa alama ya gitaa la bei ya juu. Ilitumika kwenye kingo za ala na kwenye daraja linaloshika nyuzi. Mwaka 1918 kiwanda kiliiacha, kikachukua seluloidi iliyotiwa mistari myembamba ili ifanane na punje za pembe halisi. Malighafi hiyo bandia ilitokana na juhudi za miaka ya 1860 za kutafuta mbadala wa pembe kwa mipira ya biliadi. Bei na upatikanaji viliamua kabla ya sheria yoyote kuamua, na ndivyo ilivyokuwa kwa mapambo mengine. Utepe wa vijipande vya mbao uliopangwa mfano wa miba ya samaki, uliozunguka uso wa magitaa ya daraja la 28, ulinunuliwa Ujerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akiba yake ilikwisha, na pambo hilo likatoweka kwa takriban miaka thelathini. Magitaa ya daraja la 45, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1904, yalipambwa kwa gamba la abaloni, konokono mkubwa wa bahari ambaye ndani ya gamba lake rangi za kijani, buluu na waridi hubadilika kadiri mwanga unavyobadilika. Hapa Kiswahili kina neno la kutosha, lulumizi, kwa utando wa ndani wa gamba. Anayeandika lulu badala yake anataja kito kingine chenye thamani nyingine.

Tatizo hilo la majina huwa kubwa panapoingia Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Pembe ndilo jina lenye utata mkubwa zaidi. Ng'ombe ana pembe, kifaru ana pembe, na ndovu naye ana pembe, ijapokuwa ya ndovu ni jino. Kipande kidogo kinachoinua nyuzi karibu na kichwa cha gitaa kinaweza kuwa cha pembe ya ng'ombe, kisicho na kizuizi cha CITES, au cha ndovu wa Afrika, aliyeingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza mwaka 1989. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2016 inazivumilia, kwa masharti kadhaa, ala kongwe zenye pembe ya ndovu isiyofikia gramu 200. Tamko linalosema pembe tu halimwambii mkaguzi chochote anachohitaji kujua.

Penginepo Kiswahili ndicho kinachowazidi wengine kwa usahihi. Gamba lenye mabaka ya manjano na kahawia, lililotumika kwa njumu na vidonyozi vya nyuzi, Waingereza huliita kwa jina la kobe wa nchi kavu. Mvuvi wa Kilwa au Lamu hawezi kukosea hivyo. Yeye humtofautisha kobe, kasa na ng'amba, na gamba hilo ni la ng'amba, ambaye biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970.

Mpingo una mkanganyiko wa upande wa pili. Kamusi nyingi huutafsiri kwa jina la Kiingereza la miti ya jenasi ya Diospyros, ilhali mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Tarehe 2 Januari 2017 jenasi yote ya Dalbergia ilipoingia katika Kiambatisho cha Pili, tafsiri hiyo ya kamusi ikawa kosa linaloweza kuzuia shehena bandarini. Mwezi Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, zilisamehewa kibali. Magogo na mbao ghafi hazikusamehewa.

Istilahi za forodha za kanda zinahitaji, kwa uchache, kutenga pembe ya ndovu na pembe nyinginezo, kuandika ng'amba panapohusika, kuambatanisha jina la kisayansi na mpingo, na kurejesha njumu kama jina la kipande kilichopachikwa. Kazi hiyo inafaa kuanzia kwa mafundi wa samani wa Lamu na Unguja, ambao bado wanapachika shaba na mfupa katika mbao na wana majina ya vipande na zana ambayo hayajaingia kamusini.